Nani Hayupo

Jumatano, 10 Septemba 2025

Ntoyo. Tangu jana asubuhi hilo ndilo neno la kwanza mdomoni mwa kila anayepita barabarani. Usiku wa kuamkia jana watu walikuwa wamekaa matanga, kama tunavyokaa sote mtu akifa: wanaume nje kando ya moto, wanawake ndani pamoja na wafiwa, watoto wamelala popote walipopata nafasi. Waasi wa ADF wakawakuta hapo. Wakatumia mapanga na bunduki, kisha wakachoma nyumba. Waliouawa wanapita 60. Ntoyo ni kilomita chache tu kutoka hapa Manguredjipa, mashariki mwa Kongo. Tuna ndugu kule, tuna wakwe, tuna watu tuliobatizwa nao.

Siwezi kuandika juu ya marehemu hao neno litakalowatosha. Naandika hili moja kwa kuwa limenikaa kooni: waliuawa wakitimiza wajibu. Hakuna aliyekwenda pale kujistarehesha. Walikwenda kwa sababu kwetu maiti haiachwi peke yake usiku, wala mjane haachwi peke yake na maiti. Wauaji wanalijua hilo kama sisi. Penye msiba pana watu, na penye watu ndipo walipokuja.

Mchana familia zimeanza kupita kuelekea Njiapanda na Butembo, magodoro juu ya pikipiki, masufuria yamefungwa kwa kamba. Mke wangu ameuliza kama na sisi tufunge mizigo. Nimemwambia tungoje Jumapili ipite.

Jumapili, 14 Septemba

Kutukuka kwa Msalaba. Safari hii sikukuu imeangukia Jumapili. Kanisa lilikuwa na nafasi nyingi mbele, mahali ambapo kwa kawaida watoto hubanana. Kwaya ilikosa sauti za chini, kwa kuwa wanaume wengi wamewasindikiza wake zao Butembo. Hata hivyo tuliimba, na ngoma ilipigwa.

Baada ya Misa shirika letu, yaani jumuiya yetu ya familia za jirani, lilibaki nje. Nilikuwa na daftari, lile la kawaida la kuandika waliohudhuria, wagonjwa, na michango ya kila wiki. Mzee wetu wa shirika akasema, "Mwalimu, soma majina yote. Polepole." Nikasoma. Kila jina lililokosa mwenyewe, mtu mwingine alilijibia. Huyu yuko Butembo kwa dada yake. Huyu homa, tangu Alhamisi. Huyu alikwenda shambani kwenye kakao, amesema atarudi jioni. Yalikuwepo majina ambayo hakuna aliyeyajibia. Hapo tulinyamaza, mzee akauliza, "Nani anakwenda kumtazama huyu?" Mtu akainua mkono, tukasonga mbele.

Nimefundisha dini miaka mingi, nimeeleza watoto Misa ina sehemu gani na kila sehemu inaitwaje. Leo naona kuitana majina kule nje kulikuwa sehemu ya ibada ile ile. Hatukuwa tumemaliza kusali tulipotoka mlangoni.

Alhamisi, 18 Septemba

Kijana mmoja aliyekuwa mwanakwaya amenifuata nyumbani jioni. Siku hizi anachimba dhahabu. Amekuja kwa heshima, akakaa, akakubali maji, kisha akasema ameamua kutokuja tena kanisani wala shirikani.

"Mwalimu, hebu angalia mwenyewe. Kasindi walikuwa kwenye ubatizo. Komanda walikuwa kwenye mkesha. Ntoyo walikuwa matanga. Mungu ananisikia hata nikiwa ndani ya shimo, peke yangu, na taa kichwani. Kwa nini nimtafute mahali ambapo adui naye anajua nitakuwa?"

Hakuongea kama mtu aliyepoteza imani. Ameongea kama mtu aliyehesabu. Na hesabu yake ni ya kweli. Kanisa la Kipentekoste la Kasindi lililipuliwa tarehe 15 Januari 2023, Jumapili, watu wakiwa ibadani. Komanda, kule Ituri, ni mwaka huu huu, usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai: katika parokia ya Mwenye Heri Anuarite waliuawa watu zaidi ya 40, na vijana wa Krusade ya Ekaristi wakiwemo. Agosti, kati ya tarehe 9 na 16, MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa hapa nchini, imehesabu watu 52 waliouawa katika Beni na Lubero. Kijana ana haki ya kuogopa, na anayemwita mwoga hajawahi kuokota kiatu cha mtu aliyekufa.

Nilimwambia tu kwamba jina lake litabaki kwenye daftari. Akasema, "Liache, Mwalimu. Silikatai." Akaondoka kabla ya giza.

Hajaenda mbali na fikra zangu usiku huu. Ni kweli kabisa Mungu anamsikia shimoni. Yesu mwenyewe alifundisha kuingia chumbani na kufunga mlango. Lakini shimo likimwangukia, Mungu atamtuma nani? Atawatuma watu wanaojua kwamba leo hakurudi. Sala ya peke yake humfikisha mtu kwa Mungu, nami sina shaka. Tatizo langu ni njia ya kurudi: kutoka kwa Mungu kuja kwa mtu huyo, mara nyingi msaada hupita mikononi mwa jirani.

Jumapili, 28 Septemba

Injili ya tajiri na Lazaro. Padri alihubiri kwa kifupi, na nashukuru, kwa kuwa Lazaro mwenyewe alikuwa ameketi kwenye mabenchi ya nyuma: mama na watoto wake kutoka upande wa Ntoyo, wamehifadhiwa darasani. Tajiri wa Injili hatuambiwi kwamba alimpiga Lazaro wala kwamba alimfukuza. Alipita mlangoni kwake kila siku, basi.

Mchana shirika limegawana kazi. Nyumba moja inatoa mihogo, nyingine sombe na mafuta ya ngazi, vijana wawili wanatengeneza choo cha shule. Likirimba ya wanawake, ule mchango wa kupeana kwa zamu, imekubali zamu ya wiki hii apewe mama huyo, ingawa hajawahi kuchangia hata franka moja. Aliyekuwa na zamu ndiye aliyelitoa wazo hilo. Mimi nilikuwepo, niliona uso wake. Ana deni dukani.

Watu wa nje wanaweza kudhani mashirika haya ni mpango wa ofisi fulani ya jimbo. Yana historia ndefu kuliko umri wa wengi wetu. Mwaka 1961, nchi imepata uhuru juzi tu na vita vimeanza, maaskofu wetu walikutana Léopoldville wakachagua njia ya jumuiya hai za msingi: Kanisa lisisimame juu ya misheni kubwa yenye padri mzungu na lori, lisimame juu ya familia za jirani zinazosoma Neno pamoja. Baada ya miaka kumi na kitu ikaonekana faida yake. Mobutu alipopiga marufuku vyama vya vijana vya Kanisa mwaka 1972, na mwaka 1974 akaiondoa Noeli katika siku za mapumziko, vilivyokuwa na ofisi na bango vilifungwa. Watu waliokaa kwa jirani jioni na kitabu cha Injili, nani angewafunga? Tanzania na Kenya nako maaskofu wa Afrika Mashariki, wa AMECEA, walichukua njia hiyo hiyo katika miaka ya 1970, wakaziita jumuiya ndogondogo. Sisi tunasema shirika. Kazi ni moja.

Jumamosi, 4 Oktoba

Miaka 25 leo tangu Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko afariki Roma. Alikuwa askofu wetu wa Butembo-Beni tangu 1966 mpaka alipopelekwa Bukavu 1997, na mwaka 2000 waliotawala Bukavu kwa bunduki walimfukuza, akarudishwa kukaa Butembo miezi kadhaa. Wazee hapa wanamkumbuka kama askofu wa barabara. Aliwahimiza watu watengeneze barabara na shule kwa mikono yao, wasingoje serikali ambayo haiji. Chuo Kikuu cha Graben pale Butembo, kilichoanza mwaka 1989, kina alama ya mkono wake. Kwake salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, na rozari zilikuwa siku moja. Jambo hilo naliona bado kwa wazee wa shirika letu: hawatenganishi jembe na sala, na ukiwaambia kwamba moja ni la roho na lingine la mwili watakutazama bila kuelewa.

Jumanne, 14 Oktoba

Jambo baya limetokea Jumapili, na ninaliandika ili nisilipambe baadaye. Wakati wa kutakiana amani, mwanamume mmoja wa shirika letu alikataa kumpa mkono mgeni aliyekaa ubavuni pake, mmoja wa waliohama. Wengine waliona. Mgeni alibaki na mkono wazi.

Sababu inajulikana. Kuna uvumi kwamba miongoni mwa wanaohama wamo wapelelezi wa ADF, wanaokuja kuhesabu nyumba na askari. Labda yupo mmoja mahali fulani, nani ajuaye. Lakini uvumi huu unafanya kazi ambayo panga haliwezi: unatufanya tuogopane ndani ya kanisa, mbele ya altare.

Katika Misa yetu ya Kikongo, ile iliyokubaliwa na Roma tarehe 30 Aprili 1988, amani haikuwekwa karibu na Komunyo kama kwingineko. Inakuja baada ya mahubiri na kuungama dhambi, kabla ya kuleta vipaji. Waliopanga hivyo walijua Injili na walijua mila zetu: huwezi kuleta mbuzi wa karamu kwa mzee wakati umegombana na ndugu yako, na Bwana naye amesema sadaka iachwe chini kwanza, tukapatane. Kwa hiyo mkono ule uliokataliwa umesimama katikati ya njia ya mkate na divai. Hatukuwa na haki ya kupita.

Nimekumbuka Ebola. Ugonjwa ulitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 ukaisha tarehe 25 Juni 2020; watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafa, na hata kanda yetu ya afya ya Manguredjipa iliguswa. Miezi ile tuliacha kushikana mikono. Mlangoni kulikuwa na ndoo ya maji yenye klorini, na kwenye amani tuliinamiana tu, mkono kifuani. Ilikuwa chungu, ila hakuna aliyedharauliwa, kwa kuwa kila mmoja alimwinamia mwenzake ili asimwue. Mikono ilitengana kwa ajili ya upendo. Jumapili iliyopita ilitengana kwa sababu ya shaka, na macho ya mgeni yalijua tofauti.

Leo jioni mzee wetu amekwenda na yule mwanamume hadi darasani. Sikuwepo. Nimesikia walikaa muda mrefu, wakala pamoja, na kwamba mwanamume alimwuliza mgeni habari za kwao, nyumba kwa nyumba, naye akataja wote. Mzee aliporudi alisema tu, "Jumapili watakaa benchi moja."

Jumapili, 2 Novemba

Marehemu Wote. Majina ya wafu wetu yalisomwa, na orodha ya mwaka huu ni ndefu mno.

Baada ya Misa tumejadili matanga. Jirani zetu Wabaptisti wa CBCA walikuja pia, mchungaji na wazee wawili, kwa kuwa kifo hakiulizi mtu anasali wapi, na tangu zamani kwaya yao huimba kwenye misiba yetu na yetu kwenye yao. Wapo waliotaka matanga ya usiku yafutwe kabisa. Wapo waliosema tukiyafuta tutakuwa tumewapa wauaji kile walichokitaka. Mmoja akawataja mashahidi wa Abitina, ambao katekista wote tumesoma habari zao: Wakristo 49 wa Afrika ya Kaskazini, mwaka 304, waliokamatwa kwa kusali pamoja siku ya Bwana, wakamjibu hakimu kwamba bila Jumapili hawawezi kuishi.

Nawaheshimu mashahidi hao. Ila nilisema, na ninaandika tena hapa: wale wa Abitina walichagua wenyewe. Mtoto aliyelala kwenye mkeka wa matanga Ntoyo hakuchagua. Hakuna mkubwa wa shirika, wala katekista, wala padri, mwenye haki ya kumchagulia mtu mwingine kifo halafu akakiita ushahidi wa imani. Kubadilisha saa si kumkana Bwana.

Tumeafikiana hivi. Watu wote wakusanyike mchana, mapema, na maziko yafanyike siku hiyo hiyo inapowezekana. Usiku wabaki na wafiwa watu wachache wazima, wasio na watoto wadogo, bila moto mkubwa nje na bila ngoma. Siku zinazofuata familia za jirani ziende kwa zamu, asubuhi na alasiri, mpaka wiki mbili zitimie. Koko mmoja, bibi mzee aliyezika waume wawili na watoto, alisikiliza yote, kisha akauliza, "Na mjane atalala na nani?" Palepale wanawake watatu wakajitaja. Hilo ndilo swali lililokuwa zito kuliko yote, na sisi wanaume tulikuwa tumejadili muda mrefu bila kuligusa.

Jumapili, 9 Novemba

Kutabarukiwa kwa Kanisa la Laterano. Sikukuu ya jengo la Roma, sisi tukiwa hapa hatujui kama letu tutalikuta wiki ijayo. Somo la Paulo kwa Wakorinto: hekalu la Mungu ni wao, watu wenyewe. Nimesikia somo hilo mara nyingi likitumika kuwaonya vijana juu ya miili yao. Paulo anasema na wengi kwa pamoja, na anasema na jumuiya iliyogawanyika. Tangu leo nitalifundisha hivyo.

Jumatatu, 17 Novemba

Byambwe. Usiku wa Ijumaa. Kituo cha afya cha masista, Masista Wadogo wa Kutolewa kwa Bikira Maria Hekaluni, shirika la watawa lililozaliwa hapa hapa jimboni kwetu. Watu wasiopungua 17 wameuawa, wakiwemo wanawake waliolazwa. Jengo limechomwa.

Jana Injili ilikuwa Luka 21, Yesu akizungumza juu ya hekalu lenye mawe mazuri ambalo halitabaki. Msomaji alikatika sauti katikati, akangoja, akaendelea.

Nimefungua tena kitabu changu cha historia ya Kanisa. Yustino, aliyeandika Roma kati ya mwaka 150 na 160, anamweleza kaisari Wakristo wanafanya nini Jumapili. Wanakusanyika mahali pamoja, wa mjini na wa mashambani, wanasoma, anayeongoza anahubiri, wanasali wakiwa wamesimama, wanaleta mkate, divai na maji. Kisha anataja mambo mawili ambayo wengi huyapita haraka. Mashemasi huwapelekea Ekaristi wale ambao hawakuwepo. Na mchango huwekwa kwa anayeongoza, awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni.

Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa ibada ya Jumapili ilikuwa na swali ndani yake: nani hayupo, na kwa nini? Jibu lilikuwa miguu ya shemasi njiani. Mwaka 2020, makanisa yalipofungwa kwa ajili ya korona, nilikuwa Butembo, nilisikiliza Misa kwenye Radio Moto nikiwa nimepiga magoti jikoni kwa shemeji yangu. Nilishukuru sana. Nilisali kweli. Lakini redio haikuweza kujua kama nipo. Ningekuwa nimekufa sakafuni, wimbo wa mwisho ungeendelea vile vile.

Padri amekubali niwapelekee Komunyo wagonjwa wawili wa shirika kila Jumapili. Nitakwenda na mtu mmoja, mchana.

Yule kijana wa dhahabu ametuma franka kwa ajili ya wafiwa wa Byambwe. Hakuja. Nimeandika mchango wake mbele ya jina lake, kama wa mtu yeyote.

Jumamosi, 29 Novemba

Kesho tunaanza Majilio. Familia nyingine zimeondoka wiki hii, na mke wangu amekwenda nazo pamoja na watoto. Mimi nabaki mpaka mitihani ya muhula ipite. Shirika sasa linakutana Jumatano saa tisa alasiri, katika nyumba tatu badala ya moja, watu wasizidi kumi kila nyumba, na kila mmoja awe amefika kwake kabla ya saa kumi na mbili. Wimbo mmoja, Injili, majina, kisha kazi. Nilidhani tungepungukiwa na kitu kwa kugawanyika. Kimya cha nyumba ndogo kimewapa ulimi watu ambao hawakuwahi kuzungumza kwenye mkutano mkubwa.

Linalonisumbua ni wale waliokwenda. Mtu aliyehamia Butembo anaingia kwenye kanisa kubwa lenye maelfu, anakaa nyuma, anatoka, hakuna anayejua kwamba alikuwepo wala kwamba Jumapili inayofuata hakuwepo. Anakaa kwa ndugu mwenye chumba kimoja, anaona haya kuomba, na baada ya mwezi haji tena. Msitu haukumwua, na bado tumempoteza.

Leo nimenakili majina yote ya waliohama kutoka daftari letu, pamoja na mitaa waliyosema watafikia na namba ya mtu anayewajua, nikaandika barua kwa viongozi wa mashirika ya Butembo na Beni. Itaondoka kesho na padri. Maneno yake ya mwisho ni haya: Ndugu zetu, hawa ni wenu sasa. Msingoje wajitokeze kanisani, kwa kuwa wengi wao hawana nguo ya kuvaa Jumapili. Piteni nyumba kwa nyumba mwaulize. Mkiwapata, waandikeni katika daftari lenu, muwape zamu ya kazi kama watu wengine, na siku wasipoonekana mtu aende kuwatazama.